Mtaro Ulioufukia Rau

Mzee wangu Shabani,

Nina hasira na wewe. Nimeona nianze na hilo kabla ya salamu, kwa sababu ulikuwa humpendi mtu anayezungukazunguka. Sasa shikamoo.

Hii ni mara ya tatu nakaa kuandika. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kutazama sufuria jikoni wakati sikuwa nimebandika kitu. Mara ya pili nilifagia uwanja niliokuwa nimeshaufagia asubuhi. Jirani akaniuliza, "Resti, unatafuta nini?" Wiki mbili hizi mwili wangu haukubali kutulia mahali. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kwenda Rau kwenye ule mtaro, nikifika Rau nataka kuondoka.

Ni miezi mitano tangu uanguke ukitia udhu, Ijumaa ile, nyumbani kwako Majengo. Presha, walisema. Josefu, mwendesha mashine wetu, ndiye aliyenipigia simu, nikaja mbio na reflekta ya kazini nikiwa bado nimeivaa. Wanaume wakakubeba kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki ndani na mkeo, Bi Hadija. Ndivyo mlivyozoea, na siandiki ili nilalamike. Lakini fikiria, Mzee. Miaka saba tumefukia pamoja mitaro ya mji huu, na siku ya kukufukia wewe sikutia hata chepe moja la udongo. Jumapili iliyofuata nilipanda nyumbani Uru, nikaandikisha jina lako kwenye nia za misa. Padri akalisoma katikati ya Aloyce na Filomena: "Shabani." Watu wakageuka. Mama akanifinya mkono akaninong'oneza, "Si yule mwalimu wako wa barabara?" Nikamwambia ndiye.

Kazi bado inaendelea. Mabomba ya maji ya zamani yanaondolewa mtaa kwa mtaa. Watu wa mabomba wanachimba, wanalaza bomba, wanaondoka, na sisi tunabaki na mtaro wa kufukia na lami ya kurudishia juu yake. Nafasi yako ya usimamizi nimepewa mimi. Siku ya kwanza nilisimama pembeni ya mtaro nikingoja mtu atoe amri, mpaka Josefu akasema, "Dada, tunakusubiri wewe." Nikasema maneno yako kwa sababu sikuwa na mengine. Tabaka moja, maji kidogo, shindilia, choma kwa nondo, ndipo uongeze.

Nilikuja kwako sijui hata chepe linashikwaje. Kahawa ya baba ilikuwa imetushinda, nimeshuka mjini kutafuta chochote, nikawakuta Majengo mnafukia mbele ya duka la vitambaa. Nikaomba kibarua. Wenzako wakacheka. Wewe ulinipa kile kipande chako cha nondo ukasema, "Choma hapo." Nikachoma, kikaingia hadi nusu. "Na pale." Kikagonga kikarudi. Ukaniuliza, "Ungekuwa na mzigo kichwani, ungepita juu ya upi?" Nikakuonyesha. Ukasema, "Basi kazi umeshaijua. Kilichobaki ni kuchoka."

Kuchoka nilichoka. Ulinifundisha kufinya udongo kwenye ngumi. Ukishika donge na donge likavunjika vipande viwili safi, udongo unafaa; ukinata vidoleni, uache ukauke, hata kama mkandarasi anapiga kelele. Siku moja tabaka langu moja lilikuwa nene kuliko ulivyotaka, ukanifukulisha mtaro wote tangu chini. Nililia mbele za watu. Ukaniletea maji ya kunywa, ukasubiri nimalize, ukasema, "Lami ni shuka tu, Resti. Ukimtandikia mgonjwa shuka safi, hajapona." Kisha ukasema endelea.

Ndiyo maana nina hasira.

Asubuhi moja, masika yakiwa yameshika, nilipigiwa simu kwamba barabara imetitia Rau, karibu na zahanati. Bodaboda ilikuwa imempakia mama mmoja anayetoka sokoni Kiboriloni na mkungu wake wa ndizi. Gurudumu la mbele likazama, dereva akaruka pembeni, mama akaangukia mkono. Nilipofika walikuwa wameshampeleka hospitali. Ndizi zilikuwa zimetapakaa hadi mferejini, na watu walikuwa wamechomeka jani la mgomba kwenye shimo ili magari yalione.

Nilikitazama kile kiraka cha lami nikasema moyoni, hiki si chetu. Halafu nikaziona kingo zake. Zimenyooka, zimekatwa kwa kufuata uzi, pembe nne sawasawa kama za meza. Zaidi yako simjui mtu mwingine Moshi hii anayekata lami namna hiyo. Nikahesabu miezi kurudi nyuma, nikakumbuka zile siku mbili nilizopanda Uru kumzika bibi yangu. Mtaro huo mliufukia bila mimi.

Injinia wa mkandarasi alikuja kabla ya saa nne. Hakushuka kwenye gari. Akasema, "Resti, andika bomba limevuja, maji yamebeba udongo. Tuwaachie watu wa mabomba." Alisema kwa upole, Mzee, na sitakuficha, kwa muda nilitamani iwe hivyo. Bomba likiwa limevuja, wewe unabaki Mzee Shabani niliyemjua na mimi naenda nyumbani. Nikamwambia, "Tufungue kwanza." Akasema hakuna haja, mvua inakuja. Nikasema, "Siwezi kuandika nisichokiona." Akapandisha kioo cha gari akaondoka.

Tukafungua. Bomba lilikuwa zima. Tulifuta maungio yake kwa kitambaa, tukasubiri, tukafuta tena, hakuna hata tone. Lakini juu ya bomba, Mzee! Chini ya lami kulikuwa na moramu, ile changarawe ya kushindilia, nyembamba kama mkate wa mgonjwa, na chini ya moramu ule ule udongo uliochimbwa, mfinyanzi mweusi, umerudishwa wote kwa mkupuo mmoja. Kulikuwa na maganda ya migomba ndani yake. Kulikuwa na kandambili moja. Nilichoma nondo ikazama kama kijiko kwenye mtori wa ndizi.

Nilitoka mtaroni nikaenda kukaa kwenye toroli. Nilihisi kama umenitukana mbele ya watu, na wewe umelala huko huwezi hata kuulizwa. Nilikuwa nasema kwa sauti, sijui namwambia nani: "Mimi alinifukulisha! Mimi alinifukulisha kwa tabaka moja!"

Josefu akaja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa anabonyeza kofia yake kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Dada, kuna kitu sikukwambia."

Akaniambia. Siku ile watu wa mabomba walichelewa kuondoka. Gari la moramu lilikuwa limekwama njiani. Mtaro umekata barabara yote ya kwendea zahanati, na watu wanavuka juu ya mbao mbili. Alasiri akaletwa mama mjamzito, uchungu umeshamshika, ikabidi abebwe na wanaume wanne juu ya zile mbao, na mbao moja ikateleza. Hakuanguka. Lakini wewe uliiona ikiteleza. Josefu anasema ulikaa chini pale pale, ukashika kichwa, ukasema kinauma upande mmoja. Mawingu yalikuwa yameshafunika mlima wote. Ukasema, "Fukieni. Fukieni na huo huo udongo, mtu asivuke tena kwa mbao." Moramu kidogo mliyokuwa nayo mkaitandaza juu. Kesho yake mkaweka lami, ukakata kingo mwenyewe, taratibu, kwa uzi. Ukawaambia Jumatatu mtarudi kuufungua.

Jumatatu tukapelekwa barabara nyingine, na mimi nikawa nimesharudi kazini. Nilikuwa nimesimama kando yako, Mzee! Ungeniambia pale pale.

"Kwa nini hakusema?" nikamuuliza Josefu.

Akatazama pembeni. "Alisema, Resti asijue."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile kama jiwe ndani ya kiatu. Ningekudharau, ndivyo ulivyodhani? Ningekucheka? Hapana, nitasema kweli, kwa sababu leo nasema kweli: labda ningenuna. Labda ningekukumbusha siku niliyolia. Lakini baadaye ningechukua chepe, Mzee. Ulijua ningechukua chepe.

Mama Neema, anayekaanga mihogo mkabala na zahanati, alikuwa anasikiliza. Akafuta mikono kwenye kanga akasema, "Huyo mzee mnayemsema ndiye yule wa baiskeli? Alikuwa anakuja hapa kila Jumapili. Anasimama, anakanyaga barabara kwa kisigino, anainama anatazama, anaondoka. Nilimkaribisha mihogo, hakai. Nikasema huyu ana shida gani na barabara?"

Kila Jumapili. Kutoka Majengo hadi Rau kwa baiskeli, na presha yako. Niliposikia hivyo hasira yangu haikuisha, lakini ilikosa pa kukaa. Nikawa natembea ukingoni mwa mtaro, kwenda na kurudi, mpaka vijana wakaogopa nitatumbukia.

Taarifa niliiandika jioni ile ile kabla sijabadili mawazo. Niliandika kwamba bomba halina kosa, kwamba mtaro ulifukiwa kwa haraka kwa udongo mbichi bila kushindiliwa, na kwamba aliyeufukia ni kikosi chetu. Injinia akaisoma mara mbili.

"Nani alisimamia?"

"Marehemu Mzee Shabani."

"Unamsema marehemu?"

"Namsema, kwa sababu hawezi kujisemea. Na kuna mtu amevunjika mkono."

Nilidhani atanifukuza. Alinipa barua ya onyo kwa kikosi kizima, akaniambia nikarekebishe na asisikie tena habari za Rau. Nikamwambia nitarekebisha, ila nataka mabamba ya chuma ya kufunikia mtaro, ili siku moramu isipofika watu wavuke salama na sisi tusidanganye barabara. Akanuna. Yameletwa mawili. Mazito hayo, yanabebwa na watu sita, lakini yapo.

Kisha nikaenda kumwona yule mama aliyevunjika. Anaitwa Mama Deo, anakaa juu kidogo ya Rau kwa mkwe wake, mkono uko kwenye plasta. Nilipiga magoti, nikasema sisi ndio tuliofukia. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Nilikuwa napeleka ndizi za kumpikia kiburu mwanangu aliyejifungua. Hakula." Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Tangu hapo nampitia nikitoka kazini, namchotea maji, namkatia majani ya mbuzi wake. Juzi alinigombeza kwamba nimekata makubwa mno. Nikafurahi.

Lakini safari iliyonitisha kuliko zote ilikuwa ya Majengo. Nilijua habari itafika kwa Bi Hadija, na nikaona bora aisikie kwangu kuliko kwa mtu wa dukani. Nilizunguka msikiti mara mbili kabla ya kupiga hodi. Alinikaribisha ndani, akaniketisha kitandani, akaniwekea chai. Bado hajaondoa kofia yako kwenye msumari. Nikamweleza yote bila kupumua: mtaro, mama mjamzito, udongo mbichi, Jumapili zako, mkono wa Mama Deo, jina lako nililomtajia injinia. Nikangoja anifukuze.

Alikuwa ameweka kikombe chini. Akasema, "Rau?"

"Rau, Mama. Pale zahanati."

"Kila Jumapili?"

"Ndivyo anavyosema yule mama wa mihogo."

Akaanza kucheka. Alicheka akajifunika uso kwa mtandio, na nilipotazama vizuri alikuwa analia. Akasema, "Mwanangu, mimi nilijua ana mwanamke Rau."

Akaendelea mwenyewe. Alisema ulikuwa ukilala mchana unaweweseka, Rau, Rau. Alisema ulivaa shati safi kila Jumapili, ukapanda baiskeli, na akikuuliza unakwenda wapi unasema "Natembea." Miaka thelathini na mbili ya ndoa hujawahi kutembea bila kusema unakokwenda. Alikaa na hilo moyoni. Ile Ijumaa ulipoanguka alikuwa hajakusemesha siku mbili. Alipokuwa anakushika kichwa chini pale bafuni, sehemu ya moyo wake bado ilikuwa inauliza ni nani huyo wa Rau. Na baadaye kwenye msiba alikuwa anatazama kila mwanamke asiyemjua anayeingia mlangoni. Hata mimi, alisema, alinitazama hivyo kidogo, Mungu amsamehe.

"Kumbe alikuwa anakwenda kukanyaga shimo," akasema. Akarudia tena, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Shabani alikuwa anakwenda kukanyaga shimo."

Nilikuwa nimekwenda kumvunjia heshima yako, nikamkuta ameishi miezi mitano na jambo baya zaidi ambalo hukulifanya. Ona siri ilivyofanya kazi, Mzee. Ulimficha yeye, ukanificha mimi, na kila mmoja wetu akajaza pengo kwa alichokuwa nacho. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipita njia ndefu, kwa sababu sikuweza kukaa.

Mtaro tumeuziba upya. Siku ya kwanza mvua ilitukatiza, nikafunika kwa mabamba, watu wa Rau wakanisema sana. Bodaboda mmoja aliniita mwanamke mbishi. Siku ya pili jua likatoka, moramu ikafika mapema, tukashuka. Tabaka tano. Nilifinya udongo kila tabaka. Nilichoma kila hatua mbili. Josefu alishindilia mpaka mikono ikawa inamtetemeka hata akishika kikombe. Saa sita Bi Hadija akafika na mwanenu Mwanaidi, wamebeba chupa ya chai ya tangawizi na vitumbua vya kututosha wote. Alisimama kwenye kivuli cha mwavuli akitazama chini tulikokuwa. Akaniuliza, "Hapa ndipo?" Nikamwambia ndipo. Akaniuliza kama ile mashine lazima ipige kelele vile. Nikamwambia lazima. Baadaye nilimwona amekaa kwa Mama Neema anakula mihogo, wanaongea kama waliosoma pamoja. Alipoondoka alinishika bega, akasema nipite Ijumaa, atapika pilau.

Jana nilipita pale tena. Magari yanapita, hakuna anayetazama chini. Nami nilikuwa sitaki kutazama, nikatazama. Nitaendelea kutazama kwa muda, najijua. Bado siwezi kukaa na kikombe cha chai mpaka kiishe. Nafikiri kutulia kutakuja kwenyewe, au hakutakuja, na nitafanya kazi hivyo hivyo.

Hasira imepungua tangu nianze ukurasa huu, lakini haijaisha, na sitaki uende ukidhani imeisha. Nakupenda nikiwa nayo. Ulikuwa mtu aliyeona mbao ikiteleza chini ya mjamzito ukafanya ulichoweza ukiwa na kichwa kinachopasuka. Kisha ukaogopa kumwambia mwanafunzi wako kwamba umeshindwa. Yote mawili ni wewe. Nikiulizwa nitayasema yote mawili.

Na mimi nakuahidi hivi, Mzee. Siku nitakapokosea, na siku hiyo itafika, sitamficha mtu kosa langu kwa sababu tu ananiheshimu. Nitamwita wa kwanza yeye.

Kesho asubuhi tunaanza barabara ya juu, ile inayopanda kuelekea Uru, mita nyingi na mteremko mkali. Mama amesema atashuka kutuletea mtori. Nimemwambia kikosi ni watu saba, alete wa kutosha.

Mwenyezi Mungu akurehemu, akupanulie kaburi lako. Kwa heri, mwalimu wangu.

Mimi mwanao,
Restituta